Saa ya Kumi na Moja

Kila siku, jua likishaanza kulegea, mama yake Chiriku alijifunga kitambaa kichwani, akavaa viatu vyake vya mpira, akasimama mlangoni kutoa maagizo yale yale.

"Mlango, komeo. Jiko, zima. Hawa pacha waoshe miguu kabla hawajapanda kitandani. Ukiona jambo lolote, gonga ukuta, mama jirani atasikia."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe usome."

"Nitasoma, mama."

Kisha huyoo, anakwenda zake kazini. Saa kumi na moja jioni watu wengine walikuwa wanarudi makwao, yeye ndiyo kwanza anatoka.

Mama alikuwa dobi wa hospitali. Mashuka, mapazia, makoti ya madaktari, vyote vilipita mikononi mwake. Zamani alifanya kazi mchana, lakini wenzake wawili walipoacha kazi, msimamizi alimhamishia zamu ya usiku. "Kwa muda tu," alisema msimamizi, na huo muda ukavutika kama lastiki. Baba naye alikuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Alikuja nyumbani kama mgeni: hata hamjazoea upya kikohozi chake, ameshaondoka.

Basi mzigo wa jioni ukamwangukia Chiriku, binti wa miaka kumi na miwili. Jina hilo alipewa utotoni kwa sababu ya mdomo wake, maana alikuwa hanyamazi tangu anafumbua macho hadi anayafumba. Siku hizi alikuwa kimya. Alipika, akaosha vyombo, akawaogesha pacha wa miaka minne ambao mmoja akilia, mwenzake hulia kwa kumsaidia. Usiku mmoja wao akikohoa, anayeamka ni yeye. Alfajiri mama aliporudi, mikono imekunjamana kwa maji na macho mekundu, mama na binti walipishana mlangoni kama walinzi wanaopokezana lindo.

"Umelala, mwanangu?"

"Nimelala, mama. Wewe umechoka?"

"Sijachoka," mama alisema, na wote wawili walijua kwamba si kweli.

Shuleni Chiriku aliketi dawati moja na rafiki yake Miwani, msichana mwembamba aliyevaa miwani na kupenda kusoma mpaka maandishi ya kwenye pakiti za sabuni. Mwalimu wao wa Kiingereza alikuwa mama wa makamo mwenye sauti iliyokwaruzika, kwa kuwa alifundisha madarasa manne, na la tano aliongezewa baada ya mwenzake kuhama. Hata hivyo somo lake lilipendwa, kwa kuwa alikuwa na mzaha.

Wiki ile aliandika ubaoni misemo ya Kiingereza inayohusu wakati, akaifafanua mmojammoja. "Waingereza wakikaa bure bila kazi wakisubiri jambo, husema wanaua wakati," alisema.

Mvulana mmoja wa nyuma akanyoosha mkono. "Mwalimu, wakishauua wanauzika wapi?"

Darasa likaangua kicheko, na mwalimu akacheka pamoja nao. "Ndiyo maana nawatuma mkatafute. Kila mtu atapewa msemo wake. Ataniletea maana yake na chimbuko lake, yaani ulianzaje. Nendeni maktaba, fungueni kamusi, ulizeni watu wazima. Kazi itakayofanywa vizuri nitaiandika kwenye karatasi za manila nibandike ukutani, shule nzima isome. Na mnajua mashindano ya maswali kati ya shule yanakuja. Atakayetuwakilisha katika Kiingereza ni Miwani, kwa hiyo kazi yenu itamsaidia."

Miwani akainamisha uso kwa haya, lakini chini ya dawati aliufinya mkono wa Chiriku kwa furaha.

Msemo aliopewa Chiriku ulikuwa "saa ya kumi na moja". Maana yake mwalimu aliieleza palepale: kufanya jambo mwishoni kabisa, wakati nafasi inakaribia kupotea. "Ni kama tunavyosema dakika za majeruhi," alisema. "Hilo letu limetoka kwenye mpira, kila mtu anajua. Hili lao limetoka wapi? Hiyo ndiyo kazi yako, Chiriku."

Siku ya kwenda maktaba ilipofika, Chiriku alikuwa amekesha usiku kucha. Pacha mmoja alikuwa na homa. Aliingia maktaba, akachukua kitabu kinene cha misemo, akaketi karibu na dirisha ambapo jua lilikuwa linapenya polepole. Akafungua ukurasa wa kwanza. Herufi zikaanza kuogelea. Alisema moyoni, nafumba macho kidogo tu.

Alipoyafumbua, mtunza maktaba alikuwa anamgusa bega. "Binti, tunafunga. Amka ukalale kwenu."

Kitabu kilikuwa palepale, ukurasa uleule wa kwanza.

Asubuhi iliyofuata mwalimu aliwaita mmojammoja mbele ya darasa. Aliyepewa msemo wa mwezi wa buluu alieleza kwamba hutumika kwa jambo linalotokea kwa nadra sana. Aliyepewa msemo wa kuzunguka saa alisema ni kufanya kazi mchana na usiku bila kupumzika, kama mishale ya saa inavyozunguka bila kusimama. Chiriku alipousikia huo alimkumbuka mama yake. Kisha akasikia jina lake likiitwa.

Alitembea kwenda mbele akiwa hana kitu kichwani. Alikuwa amekusudia kusema kwamba hakusoma. Lakini macho yote yalimtazama, Miwani akimtabasamia, na mwalimu, aliyekuwa ameegemea ukuta kwa uchovu, alisema, "Haya, Chiriku, tuchangamshe."

Ndipo ule mdomo wa zamani ukamrudia.

"Hapo kale," alianza, "palikuwa na mji wa Uingereza uliozungukwa na ukuta. Mlango wake ni lango moja tu kubwa, na mlinzi wake mzee mmoja aliyechechemea. Kila saa ya usiku mzee alipiga kengele. Ikilia ya kumi na mbili, lango linafungwa, na aliye nje atalala na fisi. Kwa hiyo wakisikia ya kumi na moja, watu hutimua mbio. Usiku mmoja mama mmoja alikuwa ametoka kutafuta dawa ya mtoto wake. Akaisikia kengele ya kumi na moja akiwa mbali. Alikimbia, akakimbia, akaingia lango likiwa linajifunga, kiatu kimoja kikabaki nje! Tangu siku hiyo Waingereza wakasema, fulani amewahi saa ya kumi na moja."

Darasa zima lilipiga makofi. Mvulana wa nyuma aliuliza kiatu kilipatikana au hakikupatikana. Mwalimu alitikisa kichwa kwa kustaajabu. "Kumbe vitabu vina mambo! Sikuwahi kuisikia hiyo. Umeitoa maktaba?"

Chiriku alijibu, "Ndiyo, mwalimu."

Lilikuwa neno moja tu, lakini lilipomtoka alihisi kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo.

Baada ya siku chache habari ya lango na kengele ilikuwa ukutani, imeandikwa kwa kalamu nene nyekundu, na chini yake jina la Chiriku. Wadogo wa madarasa ya chini waliisoma kwa sauti wakati wa mapumziko na kuigiza mzee anayechechemea. Miwani aliikariri neno kwa neno. Kila walipokuwa wanarudi nyumbani alisema, "Niulize, niulize," na Chiriku alimuuliza misemo mingine yote akauruka huo.

"Mbona hunihoji wa kwako?" Miwani aliuliza siku moja.

"Huo unaujua," Chiriku alijibu huku akiangalia pembeni. Alitaka kumwambia. Lakini jioni ilikuwa imefika, mama alikuwa anamsubiri ili atoke, na sufuria ilikuwa bado chafu. Akasema moyoni, nitamwambia kesho. Kesho ilipofika, akasema tena kesho.

Mashindano yalifanyika kwenye ukumbi wa shule nyingine. Wanafunzi walijazana kwenye viti vya plastiki, na mbele walikaa wawakilishi wa shule. Mwamuzi alikuwa bwana mmoja mnene mwenye tai ya kijani, mpole wa maneno. Miwani alijibu vizuri swali baada ya swali, na mwishowe zikabaki shule mbili zilizolingana alama.

"Swali la mwisho kwa shule hii," alisema mwamuzi akimtazama Miwani. "Kuna msemo wa Kiingereza wa saa ya kumi na moja. Nieleze maana yake na chimbuko lake."

Uso wa Miwani uling'aa. Alisimama wima, akaeleza maana, kisha akaanza habari ya ukuta, lango, na mzee mwenye kengele. Chiriku, aliyekuwa mstari wa pili, alihisi masikio yanawaka moto.

Mwamuzi alisikiliza hadi mwisho. "Maana ni sahihi. Lakini hiyo habari ya lango, mwanangu, ni mji gani huo?"

"Ni mji... mji wenye ukuta."

"Unaitwaje?"

Ukumbi ukaanza kuchekacheka. Miwani aliinua macho, akamtafuta Chiriku kati ya watu, kama mtu anayezama anavyotafuta tawi. Chiriku akainama akaangalia viatu vyake.

"Haidhuru," alisema mwamuzi kwa upole. "Chimbuko linaloelezwa na wataalamu ni hili. Kuna hadithi ya kale ya dini, ya mwenye shamba la mizabibu aliyeajiri vibarua tangu asubuhi. Jua lilipokaribia kuzama aliwakuta wengine wamesimama bila kazi, akawaajiri nao. Hiyo ndiyo saa ya kumi na moja. Watu wa kale walihesabu saa za mchana tangu jua linapochomoza, vilevile kama sisi tunavyohesabu kwa Kiswahili. Mwingereza wa leo akisikia hiyo saa huenda akadhani ni saa yetu ya tano usiku, bado saa moja ifike saa sita. Lakini sisi tunajua. Saa kumi na moja ni jioni, siku imebaki kidogo."

Chiriku alishikwa na ganzi. Saa kumi na moja jioni! Saa ambayo mama yake hufunga kitambaa na kutoka. Jibu alikuwa nalo nyumbani kwao, mlangoni, kila siku. Angeuliza mtu mmoja tu, angelipata.

Shule yao ikashindwa. Njiani Miwani hakulia. Alivua miwani yake, akaifuta kwa sketi, akaivaa, akaivua tena. Chiriku alitembea nyuma yake.

Walipofika shuleni, Chiriku alipita karibu na ofisi akasikia sauti ya mwalimu mkuu.

"Tumechekwa mbele ya shule zote! Kitu cha uongo kimebandikwa ukutani kwangu wiki nzima. Wewe ulikikagua?"

"Sikukagua," ilijibu sauti iliyokwaruzika. "Nilikuwa nimechoka, nikakiamini. Kosa ni langu. Usimlaumu mtoto, labda alielewa vibaya kitabu."

Chiriku alikimbia hadi nyumbani. Mama alikuwa ndiyo kwanza ameamka, anachana nywele za pacha. Hakuhitaji kuuliza mara mbili. Binti yake alikaa sakafuni, akamwaga yote: usingizi wa maktaba, kengele, kiatu, neno "ndiyo", kicheko cha ukumbini, na mwalimu aliyebeba lawama isiyo yake.

Mama aliweka kitana chini.

"Kwa nini hukuniambia kwamba ulilala maktaba?"

"Wewe mwenyewe umechoka, mama. Nitakuongezeaje?"

Mama akashusha pumzi ndefu. "Kumbe tumekuwa tukidanganyana humu ndani. Mimi nasema sijachoka, wewe unasema umelala. Hapo mimi nimekosa, mwanangu, nawe nitakusaidia. Lakini lile la shule ni lako. Uchovu ulikulaza usingizi, haukukutungia hadithi. Hadithi uliitunga ukiwa macho."

"Nifanyeje?"

"Unajua la kufanya, ndiyo maana unalia. Kesho nikitoka kazini sitakuja kulala. Tutakwenda wote."

Asubuhi wakaenda, mama akiwa bado ananuka sabuni ya kufulia. Walimkuta mwalimu wa Kiingereza anashusha karatasi za manila ukutani. Miwani alikuwa anamshikia ngazi.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Chiriku, kuna nini asubuhi yote hii?"

Chiriku alikuwa amepanga maneno mazuri njiani, lakini yote yakayeyuka. "Mwalimu, ile habari sikuitoa kitabuni. Nililala maktaba. Niliitunga palepale mbele ya darasa. Nawe nilikudanganya." Akamgeukia mwenzake. "Miwani, nilitaka kukwambia kila siku. Sikukwambia."

Miwani aliiachia ngazi. "Nilisimama mbele ya watu wote," alisema kwa sauti ndogo. "Niliiamini kwa sababu ni yako." Akaondoka kwenda darasani bila kugeuka nyuma.

Mwalimu alishuka, akaketi kwenye ngazi ya chini. Mama akamweleza habari ya zamu ya usiku na pacha, si kwa kumtetea binti yake, bali ili ijulikane. Mwalimu alisikiliza akitikisa kichwa.

"Mama Chiriku, kama ningejua, ningempa nafasi ya kusoma hapahapa mchana," alisema. "Lakini wewe, Chiriku, adhabu yako ni hii. Utakwenda maktaba wakati wa mapumziko, utasoma habari ya kweli, utaiandika mwenyewe kwa mkono wako. Kisha utapita kila darasa lililosoma ule uongo, uwaambie lipi lilikuwa la uongo na lipi ni la kweli. Madarasa yote."

"Sawa, mwalimu. Na mwalimu mkuu nitamwambia mimi."

Alimwambia siku ileile, na mwalimu mkuu, baada ya kufoka kidogo, alikwenda mwenyewe kumwomba radhi mwalimu wa Kiingereza.

Nyumbani nako mambo yakapangwa upya. Mama jirani alikubali kukaa na pacha baadhi ya jioni. "Mbona hamkusema zamani? Mimi ukuta huu nausikiliza bure," alisema. Mama naye alimwendea msimamizi wake, akamwambia kinaga ubaga kwamba ule muda umepita kiasi. Alijibiwa kwamba mwisho wa mwezi atarudishwa zamu ya mchana. Bado alikuwa anachoka, lakini sasa akiulizwa alisema, "Nimechoka sana," na Chiriku naye akasema, "Hata mimi," wakacheka.

Kupita madarasani kulikuwa kugumu kuliko kuosha masufuria ya ulimwengu mzima. Kuna waliomzomea. Kuna wadogo waliosikitika kwamba mzee wa kengele hakuwahi kuwepo, wakauliza kama hawawezi kuendelea kumwigiza. Darasa la mwisho lilikuwa lake mwenyewe. Miwani alikuwa ameketi dawati lao, ameweka mkoba katikati tangu siku ile.

Chiriku alieleza habari ya vibarua na jua la jioni, akamaliza. Mvulana wa nyuma akanyoosha mkono.

"Sasa huyo Mwingereza wa kwanza kuanza kuutumia huo msemo alikuwa nani?"

Darasa likamtazama Chiriku. Alivuta pumzi.

"Sijui," alisema. "Nimetafuta, sijapata. Nikipata nitawaambia."

Wengine walicheka. Mwalimu hakucheka. Alitoka alipokuwa ameegemea, akaja mbele.

"Mnacheka nini? Hilo ndilo jibu nililokuwa nalitaka tangu siku ya kwanza," alisema. "Chiriku angesema 'sijui' siku ile, ningemkaripia kidogo, ningempa siku nyingine, mambo yakaisha. Uongo wake ulichukua dakika chache kuutunga, nasi umetugharimu mashindano, na umemwumiza rafiki yake. Mimi pia nilikosa, niliamini bila kuhakiki kwa sababu nilikuwa nimechoka. Kuchoka si aibu, wanangu. Kutokujua si aibu. Mtu aliyechoka aombe msaada, na asiyejua aseme hajui, kisha akatafute. Aliyesema uongo naye asingoje kesho kuurekebisha. Mmenisikia?"

"Tumesikia, mwalimu!"

Chiriku alirudi kwenye dawati. Miwani hakuinua uso. Aliendelea kuandika, kisha kwa mkono wa kushoto akautoa mkoba katikati na kuuweka chini.

"Baadaye nitakuhoji misemo yote," alinong'ona. "Na wa kwako pia."

Jioni ile, mama alipokwisha kuondoka na mama jirani kuingia kuwaogesha pacha, Chiriku alifungua daftari, akasoma kwa kitambo, akalifunga. Mgongo ulimuuma na miguu ilikuwa mizito. Alikuwa amechoka, lakini kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi alikuwa amechoka tu. Akalala usingizi wa fofofo.